Tukutuku Siyo Pikipiki

Kwa mama yangu, pikipiki ni kitu kimoja na tukutuku ni kitu kingine, na ole wako uvichanganye. Vijana wa leo hilo neno la pili hawalijui kabisa; ukilitaja wanadhani unazungumzia ugonjwa wa kuku. Wazee wanaolikumbuka watakuambia ni jina la zamani la chombo kilekile. Mama hakubali. Pikipiki, anasema, ni hizi za bodaboda, zinazolia piki-piki-piki bila kuvuta pumzi. Tukutuku ilikuwa ya baba. Hiyo ilijiita yenyewe: tuku, halafu kimya kidogo, halafu tuku. Katika kile kimya, mama alikuwa akisema, unaweza kumpa mtu shikamoo na akakuitikia.

Baba alikuwa bwana mifugo Sengerema, ng'ambo ya ghuba ukitokea Mwanza. Tukutuku ilikuwa ya ofisi kwanza, mashine ya Kiingereza yenye silinda moja kubwa na taa ya mviringo. Ofisi ilipoichoka ikaipeleka mnadani, na baba akaifuata hukohuko akarudi nayo. Tangi lake lilikuwa na kibonyeo upande wa kushoto, teke la fahali aliyekataa kuchanjwa. Kila mara baba alitaka kukinyoosha na kila mara mama alimkataza, kwa sababu alipenda kumsimulia mgeni habari za yule fahali.

Jioni, baba alipoanza kushuka mlima ng'ambo ya bonde, mama aliusikia mlio kabla ya mbwa. Aliacha alichokuwa akifanya akainjika maji ya ugali. Barabara ilizunguka bonde lote, na baba alikuwa mtu wa kusimama kila nyumba kusalimia na kuulizia ndama, kwa hiyo aliposhuka uani maji yalikuwa yamechemka na unga umeingia. Siku alizochelewa, sisi watoto tulipewa kiporo tukalale. Mama mwenyewe hakula. Ukimuuliza alijibu neno moja tu: "Sijasikia."

Kuna jambo jingine la nyumbani kwetu ninalolazimika kulieleza mapema. Baba alikuwa na kigoda cha miguu mitatu barazani. Kwetu mtoto hakalii kigoda cha baba yake, hata kwa mzaha, hata kama barazani hakuna kiti kingine. Atakikalia siku moja tu, matanga yakiisha, na siku hiyo hajikalishi. Wazee wanamshika mkono wanamkalisha. Baada ya hapo yeye ndiye mwenye mji.

Mwaka jana mama alianguka jikoni. Kiharusi kilimchukua upande wa kushoto. Baba akamvusha kwa feri ya Kamanga, nikawapokea upande wa Mwanza, tukampeleka hospitali. Majuma mawili baba alilala kwenye mkeka nje ya wodi pamoja na ndugu wa wagonjwa wengine, akawa anakohoa na miguu imemvimba. Mimi ndiye niliyemwambia arudi. Nilimwambia, "Baba, nenda ukaangalie ng'ombe wako, upumzike, mama niko naye." Alikataa, nikamkazania. Nina ulimi mkali nikikaza jambo, ndiyo kazi inayonilisha, mimi ni mwalimu wa hesabu. Akaenda. Siku ya nne jirani alipoona zizi halijafunguliwa mpaka jua limepanda, akaingia ndani akamkuta amelala, na hakuamka tena.

Daktari alikuwa amesema mama asishtuliwe. Baba mdogo, mdogo wake baba, akatafsiri: asiambiwe. Kati ya maneno hayo mawili kuna nafasi ya kupitisha lori, lakini sikubisha. Mimi ninayebisha hata bei ya mchicha, siku hiyo nilinyamaza. Tukakubaliana ukoo mzima kwamba mama akiuliza tuseme baba yuko Sengerema. Wala haukuwa uongo, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo. Yuko Sengerema, nyuma ya zizi, chini ya saruji.

Nilikwenda kuzika, mke wangu akabaki wodini akimwambia mama kwamba niko kwenye semina ya walimu. Matanga yalipoisha baba mdogo alinishika mkono akanikalisha kwenye kigoda mbele ya watu. Kilikuwa kifupi kuliko nilivyodhani, magoti yalinifika kifuani. Niliponyanyuka nikaenda kuitazama tukutuku nyuma ya nyumba, nikakuta doa la mafuta chini na hakuna kitu kingine. Baba mdogo alikuwa ameiuza kwa watu wa vyuma chakavu jana yake. Nilimpigia kelele mbele ya wafiwa, baba yangu mdogo, mtu ninayemwamkia shikamoo. Alinisikiliza mpaka nikamaliza, akauliza kwa upole, "Wewe ungeipanda, mwalimu?" Nilikuwa sijawahi kuipanda peke yangu hata siku moja.

Mama aliporuhusiwa tulimleta kwetu, Mabatini, kwenye nyumba yetu ya mlimani katikati ya mawe. Gari halifiki. Barabara inaishia chini kwenye kibanda cha jirani, halafu unapanda ngazi zilizochongwa kwenye mwamba. Mama alijifunza kutembea upya kwa fimbo. Mdomo ulikuwa umepinda kidogo na macho yalikuwa na ukungu tangu zamani, lakini masikio, loo, masikio yalibaki ya mwindaji. Alikaa barazani akisikiliza kila kilichopanda barabara ile.

"Hiyo pikipiki," alisema. "Hiyo nayo pikipiki. Hiyo pikipiki mbovu."

Baba hakuwahi kuwa na simu. Alisema tukutuku inamtosha kuwajulisha watu kwamba anakuja. Kwa hiyo mama hakuwa na pa kumpigia, akabaki kutuuliza sisi.

"Bado yuko Sengerema?"

"Bado yuko Sengerema, mama."

Mwezi wa kwanza aliuliza kwa wasiwasi. Mwezi wa pili akauliza kwa hasira. Mwezi wa tatu akaacha kuuliza akaanza kusema mwenyewe. "Amepata mwanamke," alimwambia mke wangu wakiwa wanachambua mchele. "Mtu mzima hovyo. Nimepinda mdomo, ameona basi." Siku nyingine akanigeukia: "Ukimpata mtu wa kwenda huko, umtume kwa huyo mwanamke wake. Amwambie asimpe maharage jioni. Tumbo lake haliyataki." Nilitoka nje nikajifanya nakagua pipa la maji. Baba yangu, ambaye hakuwahi kumtazama mwanamke mwingine maana muda wote alikuwa akitazama kwato za ng'ombe, alikuwa akisingiziwa mchana kweupe na mimi nilikuwa nimeziba mdomo wa mtu pekee anayeweza kumtetea, yaani mimi.

Na hakula. Asubuhi alikunywa uji, mchana alidonoa. Jioni tukimwekea chakula alikisukuma kwa mkono ule mzima. "Sijasikia." Tulimbembeleza, tukamdanganya, mke wangu akajaribu kumlisha mkononi. Mifupa ya mabega ikaanza kuchomoza chini ya kanga. Kitu kimoja tu alichokubali kwa furaha ni kusukwa. Kila Jumapili mke wangu alimsuka kwa uzi mweusi, mistari safi, kwa sababu mama alisema huyo mwanamume akirudi asimkute kama kichaa. Mke wangu alisuka huku amefunga mdomo. Kwetu mjane hasukwi. Mjane ananyolewa, au anaachwa na nywele zake zilivyo mpaka siku zake ziishe. "Ninamfanyia kitu kibaya," aliniambia chumbani. Nilimjibu vibaya, nikamwambia asilete ushirikina. Alikuwa sahihi na nilijua ni sahihi.

Basi siku moja nikipita Mirongo kutoka kazini, nikaziona. Zilikuwa zimepangwa mbele ya duka, pikipiki mpya za mtindo wa zamani: taa ya mviringo, siti ndefu ya kahawia, vioo vya duara, tangi limenona. Zina kila kitu cha uzee isipokuwa uzee wenyewe. Miguu ilisimama yenyewe.

Mwenye duka alikuwa dada wa rika langu, hijabu ya kijivu, mikono ina grisi mpaka kwenye viwiko. Duka lilikuwa la babu yake, aliyeanza na baiskeli.

"Karibu, kaka. Hii nyekundu haina kelele kabisa. Ukiiwasha mlangoni mwa msikiti hakuna atakayegeuka."

"Mimi nataka wageuke."

Alinitazama mvi. "Unataka kuanza boda leo?"

Nikamwambia nataka kusikia zote zinavyolia. Akadhani nina utani, halafu akaona sina. Akaiwasha nyekundu, nami nikainama karibu na ekzosi kama mganga anayesikiliza tumbo. Akacheka.

"Huko hutasikia kitu. Mlio wa pikipiki hausikilizwi ukiwa umeiinamia, wala ukiwa umekaa juu yake. Aliye juu anasikia injini na upepo. Anayesikia mlio ni yule anayekungoja nyumbani. Vuka mtaro ule, nenda mpaka kwenye ule ukuta, nipe mgongo. Nitaziwasha moja moja, na wewe usigeuke."

Nilivuka mto Mirongo, ambao pale mjini ni mtaro tu na unanuka unavyonuka, nikasimama nimeukabili ukuta. Wapita njia walinionea huruma. Ya kwanza, ile nyekundu, ililia kwa adabu, laini, piki-piki-piki. Ilikuwa pikipiki ya kawaida iliyovaa koti la babu. Ya pili, nyeusi, ilikuwa na sauti nzito lakini ina haraka, mapigo yamebanana, hakuna mahali pa kuweka shikamoo. Akaizima. Nikasikia anakohoa, anasogeza kitu. Kisha akawasha ya tatu.

Mwanzoni haikuwa kitu. Akaiacha ipate moto. Ikashuka, ikatulia, ikaanza kusema tuku. Kimya. Tuku. Mimi, mtu wa miaka arobaini na sita, mbele ya ukuta wa watu, kando ya mtaro unaonuka, mate yakanijaa mdomoni. Kwetu mlio ule ulimaanisha ugali uko karibu. Nikayameza, na nilipoyameza nikaanza kulia, na nilishukuru kwamba nimempa mtaa mzima mgongo.

Niliporudi dada wa duka alinipa kiti cha plastiki na maji. Nikamuuliza kama ekzosi inaweza kutobolewa ili mlio uongezeke, kama wafanyavyo vijana.

"Ukiitoboa utapata kelele," alisema. "Wewe unatafuta mlio. Huo mlio unaoutafuta humu ndani umo nusu. Nusu nyingine ilikuwa uchakavu, na uchakavu mimi siuzi."

Nikamweleza. Alikuwa mtu wa kwanza nje ya ukoo kumwambia, na labda ndiyo maana nilimwambia yote: hospitali, saruji, nywele, ugali unaosukumwa. Alisikiliza huku akifuta mikono kwa kitambaa kilekile muda wote.

"Na eda yake?" aliuliza mwishoni.

"Sisi si Waislamu."

"Najua. Lakini hata kwenu mjane ana siku zake, au sivyo? Za kukaa, za watu kuja kumkalia. Anazikaa lini kama hajui? Mmezichukua mkaziweka wapi?"

Nilikasirika. Nilimwambia nimekuja kununua pikipiki, sikuja kuhukumiwa. Akasema, "Samahani, kaka," kwa sauti ya mtu asiyetaka samahani. Hata hivyo aliziwasha tena zote tatu ili nizirekodi kwenye simu, kutoka ng'ambo ya mtaro, akinionyesha kwa mkono niishike juu upande usio na upepo.

Nyumbani nilimwambia mama tucheze. Nikamwekea simu sikioni, sikio la upande mzima. Nyekundu: "Cherehani." Nyeusi: "Huyo anakimbizwa na mbwa." Alicheka mwenyewe, ule mdomo uliopinda ukacheka upande mmoja, na nilikuwa sijamwona akicheka tangu aanguke. Nikaweka ya tatu.

Kidole chake kilikuwa kikichezea pindo la kanga. Kikasimama.

"Rudia."

Nikarudia. Akataka tena. Mara ya tatu alifumba macho.

"Ilikuwa inakohoa ikipata moto," alisema. "Ameitengeneza."

Ningeweza kusema pale. Mlango ulikuwa wazi kabisa, ningesema mama, hii si yake, hii iko dukani Mirongo, baba hayupo. Alifumbua macho akanielekezea uso.

"Anakuja lini?"

"Bado kidogo, mama," nikasema.

Hiyo ndiyo aibu yangu kubwa, kuliko miezi yote mitano ya Sengerema. Ile ya kwanza waliipanga watu wazima wengi wakiwa wamekaa. Hii niliifanya peke yangu.

Niliinunua, yule dada akanifundisha kuiendesha. Mpango wangu ulikuwa wa mtu ambaye hajalala vizuri siku nyingi. Ningekuja nayo jioni mpaka chini kwenye kibanda cha jirani, niiache ilie kidogo, niizime, niisukume ndani ya kibanda, nipande nyumbani kwa miguu kama kawaida. Mama atakuwa amesikia. Asikie tu, ale. Akimuuliza mke wangu, ajibiwe kwamba amepitia kwanza kwa rafiki yake mjini.

"Na kesho atapitia kwa nani?" mke wangu aliuliza.

"Kesho tutajua."

"Mimi nimemsuka mjane miezi mitano. Hayo maneno mengine utayasema mwenyewe."

Jioni ile mvua ilikuwa imepita na mawe yote ya mlima yalikuwa meusi kwa maji. Nilipanda barabara taratibu, kwa gia ndogo, kama baba alivyozoea. Nilifika kibandani nikasimama bila kuzima. Tuku. Tuku. Nilitakiwa kuizima baada ya dakika moja. Sikuizima. Yule dada alisema aliye juu hasikii mlio, lakini mlima wetu una mawe makubwa na mlio ulikwenda ukagonga mwamba ukanirudia, na nikausikia kama mtu anayengojwa na kama mtu anayengoja, vyote kwa pamoja. Nikakaa nasikiliza. Nilimkumbuka baba kwa namna ambayo sikuwahi kujiruhusu tangu siku ya kaburi.

Baadaye mke wangu aliniambia mama alisikia kabla sijafika kwenye kona. Alisema, "Injika maji." Mke wangu akainjika. Halafu mama akajipanga kanga, akashika fimbo, akatoka.

Nilipoinua macho alikuwa katikati ya ngazi. Peke yake, mguu mmoja unaburuta, nywele za Jumapili zinang'aa. Mke wangu alikuwa nyuma yake hatua mbili, mikono mbele, haogopi kitu kingine ila kumgusa. Nikashindwa kusogea. Alishuka ngazi zote zile, zinazowashinda wageni wazima, akanifikia. Hakuniangalia. Alinyoosha mkono akagusa taa, akashuka kwenye tangi, akapapasa upande wa kushoto, polepole, akarudi, akapapasa tena. Alikuwa anatafuta teke la fahali.

Mkono ukapanda mpaka kwenye usukani ukakutana na wangu.

"Ni wewe."

"Ni mimi, mama. Shikamoo."

Hakuitikia. "Ya nani hii?"

"Yangu. Nimeinunua."

Nikaizima. Mama aliendelea kunishika mkono.

"Baba yako angekuwepo," alisema, "ungetafuta mlio wake wa nini?"

Ninafundisha watoto kwamba swali lolote lina njia ya kulijibu. Hilo nililijibu kwa kuchomoa ufunguo wa pikipiki nikautia mfukoni.

"Walikukalisha lini?"

"Ulipokuwa hospitali, mama."

"Nani alikukalisha?"

"Baba mdogo."

Akaitikia kwa kichwa, kana kwamba hilo angalau lilifanyika sawasawa. Nilianza kumweleza habari za daktari. Akaniinulia mkono ninyamaze.

"Aliumwa?"

"Hapana. Alilala tu."

"Alikuwa amekula?"

Mpaka leo, nikisimama darasani nikimngoja mtoto ajibu, swali hilo linanirudia. Miezi yote mitano hakuna mtu, si baba mdogo, si jirani aliyemkuta, si mimi niliyemrudisha kwenye nyumba isiyo na mpishi, aliyewahi kuliuliza. "Sijui, mama," nikasema. Hilo halikuwa na uongo ndani yake.

Ndipo alipolia. Si machozi ya mgonjwa. Alitoa ukunga kamili wa msiba, wa nyumbani, ukapanda mlima mzima, na wanawake wakaanza kutoka kwenye nyumba zao wakijifunga kanga viunoni hata kabla hawajajua ni nani amekufa. Katikati ya kilio alimwomba radhi baba kwa jina la heshima alilomwita ndani, ambalo mimi sikupaswa kulisikia. "Nimekusema," alikuwa akisema. "Nimekuletea mwanamke ambaye hayupo. Nimekula uji huku wewe umelala. Nimesukwa!" Akaishika mistari ya nywele kwa mkono mmoja akajaribu kuing'oa.

"Nifumueni," alisema. "Nifumueni hapahapa."

Mke wangu alikuwa analia, hawezi. Nikamkalisha mama kwenye ngazi ya chini na mimi nikakaa ngazi ya juu yake. Sikuwahi kugusa nywele za mama yangu tangu nizaliwe. Sikujua uzi unaanzia wapi. Nilifumua vibaya, nikimvuta, na yeye hakusema inauma. Wanawake wa mlima walikaa kwenye mawe yenye maji kutuzunguka, na mmoja akaanza kuhesabu na mwenzake ni nani atakayelala hapa, nani atakayeleta mkeka. Siku zake zilikuwa zimeanza. Juu, jikoni, maji yalichemka mpaka yakakauka na sufuria ikaungua, tukaikuta hivyo.

Nilipomaliza, kichwa chake kilikuwa kidogo na cheupe kuliko nilivyodhani. Nyuzi zilikuwa zimejaa mapajani mwangu. Alikuwa ametulia, anahema tu.

"Iwashe," akasema.

"Mama, acha."

"Iwashe nisikie."

Niliiwasha. Ilikuwa bado na moto kwa hiyo ilitulia mara moja. Tuku. Tuku. Aliinamisha kichwa kile kilichofumuliwa, akasikiliza kwa sikio zima, na wanawake wote wakanyamaza ili asikie.

"Siyo," alisema. "Hata kwenye simu nilisikia kuwa siyo."

"Mbona ulisema ameitengeneza?"

Alipapasa mpaka akanipata goti, akaliegemea ili anyanyuke.

"Nilikuwa na njaa, mwanangu."